Mtu Aliyekufa Kwenye Kanda ya Daraja

Plastiki ikipata moto, hata kidogo tu, kama ule waya wa televisheni unapochomekwa ukutani muda mrefu, mimi hushikwa na kiu. Wanangu wamezoea. Juzi walikuwa sebuleni wakibishana watazame filamu gani mwisho wa wiki, ya kufukuzana kwa magari au ya majasusi, na yule mdogo akanigeukia akasema, "Mama, wewe tupendekezee." Nikaenda jikoni kunywa maji, sikurudi mpaka filamu ilipokwisha kuanza.

Ninyi wa rika langu mliokulia mitaa yenye video moja tu mtaa mzima mnaijua harufu ninayoisema. Mashine ikifanya kazi saa mbili tatu, juu yake panakuwa pa moto kama chuma cha pasi, na vumbi lililotulia humo ndani linaungua taratibu. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ili mwanga wa alasiri usiingie. Watu tulikuwa thelathini chumbani. Aliyeinuka kwenda kunywa maji aliwakatia wenzake picha, kwa hiyo watoto tulikatazwa kuinuka. Hapo ndipo nilipojifunza kuvumilia kiu.

Haya nayaandika kwa Kiswahili nilichokipata ukubwani, Unguja nilikoolewa. Wakati yanatokea yalisemwa kwa Kingazija cha ndani ya nyumba na Kibuki, yaani Kimalagasi, cha barabarani, na watu wa kwenye kanda walisema Kifaransa, ambacho nusu yetu hatukukielewa. Labda kama tungekielewa mambo yangekwenda vingine.

Tulitoka Mahajanga, mji wa bandari wa nchi ya Wabuki, nikiwa na miaka minne hivi. Baba yangu, Hamadi, alikuwa seremala mtaa wa Mangarivotra, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Nakumbuka maranda, yale membamba yanayojikunja, niliyokuwa nikiyaning'iniza masikioni kama vipuli. Nakumbuka penseli nyuma ya sikio lake. Uso wake siukumbuki. Picha zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba ilichomwa. Zilikuwa siku mbaya, watu wenye asili ya Ngazija kama sisi wakiandamwa majumbani na wengi wakiuawa. Baba alitupakia mimi na mama kwenye lori la mtu aliyemfahamu, akasema anarudi kuchukua zana zake kisha atatufuata kisiwani Nosy Be, kwa dada yake mama. Mama alimwambia zana zitanunuliwa nyingine. Akajibu kwamba seremala asiye na randa ni mgeni tu kwenye nyumba ya watu, akafunga mlango wa lori.

Hakutufuata. Baada ya muda alikuja jirani yetu wa zamani, aliyekuwa njiani kuhamia Ngazija, akazungumza faragha na shehe wa msikiti wetu mjini Hell-Ville, hapo Nosy Be. Tangu siku hiyo mama alivaa nguo nyeupe, akakaa ndani miezi minne na siku kumi. Mimi niliambiwa anapumzika. Nilidhani anaumwa, na alipotoka nje nilifurahi kwamba amepona.

Neno lenyewe sikuambiwa na mtu. Kila nilipouliza nilijibiwa kwamba baba amebaki Mahajanga. Nilipata miaka saba ndipo mtoto wa jirani, tukiwa tunacheza, aliponiambia kwamba baba yangu alikufa zamani na kila mtu anajua. Nilikwenda kumwuliza mama. Alikuwa akichambua mchele. Alisema ndiyo, akaendelea kuchambua, na mimi nikarudi kwenye mchezo.

Sasa baba mkubwa. Huyu alikuwa mume wa mama mkubwa, mpishi kwenye meli ya mizigo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Aliporudi safari ya mwisho kabla ya kustaafu alishuka bandarini na televisheni, mashine ya video, na mfuko wa turubai uliojaa kanda. Zote zilikuwa za vituko: risasi, treni, ndege zinazoanguka, watu wanaoruka kutoka paa hadi paa. Meli nzima, alisema, mabaharia hawakutazama kitu kingine. Kanda hazikuwa na majalada, kwa hiyo alizipa majina yake mwenyewe. Kulikuwa na ya treni, ya daraja, ya mgodi, ya wizi wa benki, ya mtu aliyefungwa kwa makosa.

Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya alasiri majirani walikuja, na baba mkubwa hakukubali mtu aombe kanda. Alimtazama mtu usoni, akauliza habari za nyumbani, kisha akapendekeza. Mwalimu aliyekuwa akionewa na mkuu wake alipewa ya treni, ambamo mtu mmoja anapambana na majambazi behewa kwa behewa mpaka anafika kwa dereva. Mwanamke aliyefiwa na mwana baharini alipewa ya mgodi wa almasi, kwa sababu ndani yake hamna maji hata tone. Watu walicheka, lakini walirudi wiki iliyofuata wakasema kweli, imenisaidia. Aliamini kabisa kwamba kila mtu ana kanda yake.

Bakari mwokaji mikate alipendekezewa ya daraja. Alikuwa mtu wa makamo, aliyefiwa na mkewe, mpole kiasi kwamba alibisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Baba mkubwa alisema mtu aliyekaa peke yake muda mrefu anahitaji kushtuliwa kidogo. Wakati ule sikujua kwamba alikuwa pia akimwonyesha Bakari mahali mama yangu alipokuwa anakaa, karibu na pazia la jikoni.

Katika ile ya daraja kuna mwanamume mwenye kovu kidevuni. Wenzake, wanawake na watoto, wanakimbia vita, na lazima mtu mmoja abaki nyuma kuwazuia maadui. Anambusu mkewe paji la uso, anawasukuma wote wavuke, anabaki. Daraja linalipuka naye akiwa juu yake. Tuliona kofia yake ikielea mtoni. Nililia mpaka mama akanitoa nje. Wengine walidhani nimeogopa mlipuko.

Wiki mbili baadaye ikawekwa ya mgodi, na yule mtu akatokea. Alikuwa na ndevu, jina jingine, na alikaa peke yake kwenye nchi ya vumbi. Lakini kovu lilikuwa lile lile. Nilimshika mkono binti wa mama mkubwa, Mariamu, aliyenizidi miaka mitatu, nikamwuliza kama huyu si yule aliyekufa darajani.

"Ndiye huyo huyo," alisema bila kuondoa macho kwenye picha. "Huyo hafi. Akifa huku, anatokea kwingine."

Mariamu alikuwa akijua anachokisema. Mimi ndiye niliyesikia kitu kingine. Hakuna aliyewahi kunieleza kwamba wale ni watu wanaoigiza, na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilidhani kila mtu anaona ninachokiona: kwamba filamu ni mambo yaliyotokea, yakapigwa picha. Basi nikakaa gizani na kiu yangu nikafikiri. Mtu aliyebaki nyuma ili wengine wavuke, mkewe akaambiwa amekufa, kumbe yuko nchi nyingine na jina jingine. Nilizichungulia kanda zote kwa jicho hilo, na kweli, kila niliyemwona akifa alitokea tena mahali. Hata jambazi la kwenye treni lilikuja kuwa polisi kwenye ile ya benki.

Kulikuwa na sharti moja. Katika ile ya mgodi, mtu mmoja sokoni anamwita yule mwenye kovu kwa jina lake la zamani, na siku hiyo hiyo maadui wanamfuata. Kwa hiyo nilielewa pia kwamba ukimwona, usimwite.

Nilimwona baba Ambondrona. Mama mkubwa alikuwa akipeleka vitambaa vya meza, vilivyotariziwa na wanawake wa Nosy Komba, kwenye hoteli moja ya ufukweni kule, na nikaenda naye kumbebea. Upande wa nyuma wa hoteli mtu alikuwa amelaza mlango juu ya farasi za mbao, vile viegemeo vya seremala vya miguu minne, anaupiga randa. Alikuwa amenipa mgongo. Nyuma ya sikio lake kulikuwa na penseli, na chini miguuni pake maranda yalikuwa yamejikunja kila mahali. Nilisimama. Mama mkubwa akaniita, nikaenda. Sikumwambia kitu. Nilipofika nyumbani nilikuwa na homa, wakasema ni jua.

Nilikaa na siri hiyo wiki tatu. Usinicheke ukisoma: zilikuwa wiki tatu nzuri kuliko zote za utoto wangu. Nilikula vizuri, nikasoma vizuri. Mama aliponipiga kofi kwa kupoteza kandambili, nilimhurumia kwa sababu hakujua ninachokijua.

Kisha ikaja Ijumaa ambayo watu walikuja kuposa. Shehe alikaa kwenye kiti kikubwa, baba mkubwa pembeni yake, Bakari na kaka yake mkabala. Mama alikuwa nyuma ya pazia na dada yake. Mimi nilipewa sinia la godrogodro, ile keki ya nazi na viungo, niwapelekee. Sikujua wamekuja kwa nini mpaka nilipofika katikati ya chumba nikamsikia shehe akitaja jina la baba. Alikuwa akisema, kwa kufuata utaratibu tu, kwamba mume wa kwanza alishafariki, kwamba shahidi alikuja zama zile, eda ilikaliwa, na kwamba hakuna kizuizi cha ndoa hii.

Nilifikiri haraka kama ninavyofikiri leo. Nilifikiri kwamba siri ni kitu kizuri, lakini kama mama ataolewa na Bakari, baba akirudi atakuta nini? Nikaliweka sinia chini.

"Baba hajafa," nilisema. "Yuko Ambondrona. Anatengeneza milango."

Hakuna aliyenikemea. Kama wangenikemea ingekuwa afadhali. Baba mkubwa aliniangalia, Bakari akaangalia mikono yake, na pazia likafunguka, mama akatoka mbele ya wanaume wote bila kujitanda vizuri. Aliniuliza nimesema nini. Nikarudia. Shehe aliniuliza taratibu nilimwona lini, wapi, akiwa anafanya nini, nami nikajibu yote kwa ukweli. Mwisho aliwaambia kwamba huyu ni mtoto wa miaka kumi, lakini kaburi hakuna hata mmoja wetu aliyeliona, na shahidi alikuwa mmoja. Watu waende wakatazame, kisha wazungumze tena. Bakari alikuwa wa kwanza kusimama. Alimwambia mama, kwa sauti ya chini, kwamba kama ni kweli basi Mungu ashukuriwe, akatoka.

Asubuhi yake niliamshwa na mlio wa jiwe juu ya jiwe. Mama alikuwa uani anasaga liwa. Alijipaka usoni polepole, akitumia kijiti kuchora maua madogo mashavuni, kitu ambacho sikuwahi kumwona akikifanya. Alivaa salova, nguo ya kujifunga, ya njano iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Hakuniuliza chochote mpaka tulipokuwa mlangoni.

"Alikuwa akipiga mluzi?" aliniuliza. "Baba yako akipiga randa lazima apige mluzi, kwa meno, bila wimbo."

Mpaka leo sijui kama nilisikia mluzi. Nilimtazama uso wake na yale maua, nikasema ndiyo.

Tulipanda gari la abiria, mimi na yeye tu, kwa kuwa alikataa kusindikizwa. Mashamba ya langilangi yalikuwa yanachumwa na harufu iliingia madirishani. Mama alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa. Mara moja alinirekebisha nywele. Mara moja alitabasamu, si kwangu.

Yule mtu alikuwapo pale pale nyuma ya hoteli, amegeuka vile vile. Mama alisimama hatua kama kumi kutoka kwake. Nilidhani ataita, nikamvuta mkono ili asiite, kwa ajili ya maadui. Lakini kokoto ililia chini ya mguu wangu na yule mtu akageuka.

Alikuwa kijana. Labda miaka ishirini na mitano, Mbuki wa Nosy Be hapo hapo, mwenye uso wa duara na jino moja la mbele lililokatika. Alitusalimu kwa adabu akauliza kama tunamtafuta mtu. Nilimtazama mama. Sikuona chozi. Niliona kitu kikiondoka usoni mwake, ile liwa ikabaki peke yake, kama imechorwa ukutani. Alimjibu kwa Kibuki kwamba tumemfananisha na mtu wetu. Yule kijana, sijui alielewa nini, aliacha randa akatuletea kigoda na maji ya kunywa. Mama hakukaa. Alisogea mpaka kwenye mlango, akapitisha kiganja juu ya mbao kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Umeupiga randa vizuri," alimwambia.

Kijana akashukuru. Mama akaenda kwenye bomba la bustani akanawa uso, akausugua mpaka ukawa mwekundu, akajifuta kwa pembe ya salova. Njiani kurudi alilala, au alifumba macho tu. Hakunigombeza siku ile wala siku nyingine.

Aliyenieleza ni baba mkubwa. Aliniketisha sebuleni mchana, madirisha wazi, mashine imezimwa. Kwanza aliniuliza nilipata wapi wazo lile, nami nikamweleza habari za kovu, za mgodi, za sokoni. Alisikiliza yote mkono ukiwa mdomoni. Kisha akanieleza kwamba yule ni mtu wa kazi hiyo, analala chini na kujifanya amekufa, anapakwa rangi nyekundu, na wakimaliza kupiga picha anaamka anakwenda kula na wenzake. Wiki nyingine anapewa nguo nyingine na jina jingine. Hakuna anayekufa mle.

Nikamwuliza kama baba naye, kule Mahajanga, alikuwa akijifanya.

Baba mkubwa alikuwa na jibu kwa kila mtu aliyeingia nyumba ile. Akainuka akaichomoa mashine ukutani, akaifunika kwa kitambaa cha meza. Ilikaa hivyo miezi mingi. Watu walipokuja kumwomba awapendekezee kanda aliwaambia mashine imeharibika, na unyevu wa kisiwa ukamaliza kanda moja moja ndani ya mfuko.

Shehe alisema kizuizi hakuna tena. Bakari alisubiri. Alituma ujumbe mara mbili kupitia kwa baba mkubwa, na mara ya pili mama akajibu kwamba mtu huyo mwema asimsubiri. Mwaka uliofuata Bakari alioa mwanamke mwingine, akapata watoto watatu, na nilipotumwa mkate alinisalimu kama zamani. Mama hakuolewa tena. Alishona, akanisomesha, akazeeka ndani ya chumba kimoja nyuma ya nyumba ya dada yake. Mimi nilijua sababu. Mimi ndiye niliyeweka sinia chini nikafungua mdomo. Nilikua na jambo hilo, niliolewa nalo, nilizaa nalo, na kila nilipokuwa na mume wangu nyumbani, tukicheka kwa jambo dogo, nilikumbuka kwamba kuna mtu nilimnyima hiki.

Kabla hajafa, mama aliniomba nimpeleke Mahajanga. Alikuwa hajarudi tangu lile lori. Mangarivotra tulipata mtaa lakini si nyumba. Palipokuwa petu pamejengwa nyumba ya matofali, na mwanamke mmoja alikuwa anaanika nguo za mtoto. Tulimweleza sisi ni nani. Alikuwa mdogo, hayo hakuyajua, lakini aliacha nguo akatutolea kiti. Tuliuliza kwa watu wazima kadhaa walipozikwa wafu wa siku zile. Kila mmoja alituonyesha upande wake.

Mama alikaa kwenye kile kiti, mgongo ukutani, akitazama barabara. Hapo nikamwambia. Nilimwomba radhi kwa habari ya Bakari, kwa maneno niliyokuwa nayo tangu nikiwa na miaka kumi, na nilipomaliza nilikuwa nimeshika upindo wa nguo yake kama mtoto.

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Ulidhani ni wewe?" aliniuliza. "Bakari nilikuwa nimeshamkubali. Ningekwenda kwake na ningekaa naye vizuri. Lakini asubuhi ile ulisema baba yako yuko, nikapanda gari, na tangu Hell-Ville mpaka Ambondrona nilikuwa mke wa mtu, nakwenda kwa mume wangu. Nusu saa, mwanangu. Nilikuwa nimesahau ilivyo. Baada ya kukumbuka, ningemdanganya vipi Bakari?"

Alinipigapiga mkononi, kama kwamba mimi ndiye niliyefiwa, kisha akaomba nimsaidie kuinuka. Tulimrudishia yule mwanamke kiti chake, na mama akamsaidia kuanika nguo zilizobaki.